Vinundu vya karanga vikigeuka kijani, urea ibaki dukani

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nalima karanga hapa Kongwa, mbegu ni Pendo, nilipanda katikati ya Desemba. Februari mvua ilikata karibu wiki tatu, kisha ikarudi. Sasa ni mwanzoni mwa Machi, nimechimba mashina machache niangalie maganda yamefikia wapi. Nikaviona vile vinundu vya kwenye mizizi. Nikivipasua, vingine ni vyekundu, vingine kijani, vingine vya kijivu, vimelegea na ndani ni vitupu. Mzee jirani ananiambia mizizi inaoza, niwahi kuweka urea kabla mvua haijakata tena. Je, huu ni ugonjwa? Na kama vinundu vinakufa, ile naitrojeni tunayoambiwa karanga inaacha shambani inakuwa imekwenda wapi? Mwakani nataka kupanda mtama palepale."

Marahaba, mdogo wangu. Urea usinunue. Mizizi yako haiozi. Vinundu vyako vinazeeka, na baadhi vimezeeshwa kabla ya siku zao na ule ukame wa Februari. Hayo ni mambo mawili yenye sababu tofauti lakini sura karibu moja, na shamba lako limeyapata yote mawili kwa mpigo, ndiyo maana rangi zimekuchanganya. Mzee jirani asilaumiwe. Kinundu kilichokufa kweli kinafanana na kitu kilichooza, na mtu aliyezoea kuona mahindi yakigeuka kijani kibichi baada ya urea hawezi kukosa kuipendekeza.

Tuanze na ule wekundu, maana ukiuelewa huo, rangi nyingine zote zinajieleza. Ndani ya kinundu kizima kuna protini iitwayo leghemoglobini, ya jamii moja na hemoglobini ya damu yetu, nayo imebeba chuma vilevile. Ilitambuliwa mwaka 1939 na mtafiti wa Kijapani, Kubo. Kazi yake ni kutatua mgogoro mmoja mgumu. Bakteria waliomo kwenye kinundu, ambao kwa karanga ni wa kundi la Bradyrhizobium, wanachukua naitrojeni ya hewa iliyomo kwenye udongo na kuigeuza kuwa amonia kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa naitrojenezi. Kimeng'enya hicho kikikutana na oksijeni kinaharibika. Lakini bakteria haohao hawawezi kufanya kazi bila kupumua, na kazi yenyewe inakula nguvu kupita kiasi: kuvunja molekuli moja tu ya naitrojeni kunagharimu angalau molekuli 16 za ATP, ambayo ndiyo nishati ya seli. Kwa hiyo wanahitaji oksijeni nyingi ya kupumulia, na hapohapo oksijeni isionekane ikizurura.

Leghemoglobini inaishika oksijeni na kuifikisha kwa bakteria moja kwa moja, huku ile iliyo huru ndani ya seli ikibaki chini maelfu ya mara kuliko iliyo kwenye maji ya kawaida yanayogusana na hewa. Mwaka 2005 watafiti walizima jeni za protini hii kwenye Lotus japonicus, mmea mdogo wa jamii ya kunde unaotumika sana maabara. Vinundu viliota, bakteria waliingia, lakini naitrojeni haikupatikana. Kwa hiyo mkulima anayepasua kinundu kwa kucha na kutazama rangi anafanya kipimo chenye maana, kisichomgharimu hata shilingi.

Kijani nacho ni nini? Ni leghemoglobini ileile ikiwa imeharibika. Sehemu yake iliyoshika chuma, yaani hemu, inapobadilika na kuvunjika, wekundu unapotea na rangi ya kijani inajitokeza. Michubuko yetu ya ngozi hupitia kijani kwa sababu ya kemia ya karibu sana na hiyo. Baada ya kijani huja kahawia, kisha kijivu, kisha ganda tupu ambalo ukilibonyeza linatoa maji au halitoi kitu. Hayo uliyoyaona kwenye mashina yako ni hatua za safari moja, na kila kinundu kiko kwenye kituo chake.

Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi ya wakulima hulipita haraka: kinundu hakifi kwa kuchoka tu. Mmea wenyewe unakiua. Unapofika wakati, jeni fulani zinawashwa na seli za kinundu zinatengeneza vimeng'enya vya kumeng'enya protini. Kabla ya hapo sukari inayoletwa kutoka kwenye majani imeshapungua, na akiba ya kinga dhidi ya kemikali kali, yaani askobeti na glutathioni, inashuka. Chuma kilichoachiwa na leghemoglobini iliyovunjika kinachochea kemikali hizo kali zizidi. Utando mwembamba unaowatenga bakteria na seli ya mmea unapasuka, na bakteria wengi wanameng'enywa papo hapo. Homoni nazo zimo: ethilini, asidi ya absisiki na jasmoneti huharakisha mwendo huu.

Kinachovunjwa hakitupwi. Naitrojeni iliyokuwa kwenye protini za kinundu, na sehemu ya kile chuma, vinapandishwa juu kwenye mbegu zinazojaa. Kwa hiyo sehemu ya jibu la "naitrojeni imekwenda wapi" utaitafuna mwenyewe mwezi Aprili. Nitalirudia hilo baadaye kidogo, maana lina upande ambao haufurahishi.

Sasa, kwa nini vinundu viwe na rangi tofauti kwenye shina moja? Karanga, kunde, njugu mawe, choroko na soya vina vinundu vya duara. Vinakua mapema, vinafikia ukubwa wake, halafu ukuaji unakoma na seli za katikati zinafanya kazi pamoja. Uzee wake huanzia katikati na kusogea nje. Ukipasua ukaona kitovu cha kijani kilichozungukwa na pete nyekundu, hicho ni kinundu cha makamo: kimeanza kufa lakini bado kinazalisha. Mmea wa marejea, njegere na mti wa lusina viko tofauti kabisa. Vinundu vyao ni virefu, wakati mwingine vina matawi, na ncha yake haikomi kukua. Huko uzee huanzia kitako, penye kuungana na mzizi, huku ncha ikiendelea kuzaa seli mpya. Kinundu kimoja cha lusina kinaweza kuwa na sehemu changa, sehemu inayofanya kazi na sehemu iliyokufa, zimefuatana kwa mstari. Mtu aliyejifunzia kwenye marejea akija kwenye karanga anaweza kusoma vibaya, na kinyume chake pia ni kweli.

Karanga ina ugeni wake mwingine. Kwenye kunde na soya bakteria huingia kupitia vinyweleo vya mzizi. Kwenye karanga hupenya kwenye ufa mdogo unaoachwa mahali mzizi wa pembeni unapochomoza, na ndiyo maana utaona vinundu vyake vimekaa kwenye makwapa ya mizizi, mara nyingi kwa safu. Maana yake kwako ni hii: kadiri mizizi ya pembeni inavyoendelea kutoka, nafasi za vinundu vipya zinaendelea kupatikana. Shina moja mwezi Machi linakuwa na vizazi kadhaa. Vilivyo juu, karibu na shina kwenye mzizi mkuu, ni vya mwanzo, vya Januari. Vilivyo pembeni na chini ni vijana. Chimba tena shina moja ulitazame hivyo. Kama kijivu kimejaa juu na wekundu uko pembeni, huo ni mpangilio wa umri na hauna tatizo lolote.

Kuna na kalenda. Pendo ni mbegu ya muda mfupi, siku 90 hadi 100. Ulipanda katikati ya Desemba, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi mimea yako iko karibu siku ya 75 hadi 80. Maganda yanajaa. Katika kipindi hicho mbegu zinavuta sukari kwa nguvu zote na vinundu vinabaki na mgao mdogo. Kwa kawaida uzalishaji wa naitrojeni hupanda tangu maua yanapoanza, hufikia kilele maganda yanapoanza kujaa, kisha hushuka. Maharage hushuka mapema. Karanga huvumilia zaidi na huendelea kuzalisha hadi karibu na kukomaa. Kama ungenipa picha ya vinundu vya kijani vya siku ya 30, ningekuwa na maneno mengine. Vya siku ya 78 havinitishi.

Februari yako sasa. Dodoma inapata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, zote katika msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili, na kile kipindi cha ukavu katikati ya msimu ni mgeni ambaye kila mkulima wa Kongwa, Chamwino na Mpwapwa anamjua. Ukavu huo unapoingia, karanga inafanya anachofanya mfugaji wa Kigogo malisho yanapokwisha: inapunguza mifugo kabla mifugo haijammaliza mwenyewe. Majani yanafunga vinyweleo vya hewa, sukari inayotengenezwa inapungua, na kimeng'enya kinachovunja sukari ndani ya kinundu kinashuka haraka. Kinundu kinabana njia zake za hewa, oksijeni ya kupumulia inakuwa haba, bakteria wanapunguza kazi. Ukavu ukiwa wa siku chache, maji yakirudi kila kitu kinafunguka tena. Ukiendelea, leghemoglobini inaanza kuvunjika, na kinundu kilichofika hapo hakirudi. Kinakwenda moja kwa moja hadi kijivu, hata kama umri wake ulikuwa wiki tatu tu.

Wiki tatu bila mvua kwenye udongo mwekundu wa kichanga unaokauka upesi zinatosha kuua baadhi. Utavitambuaje waliokufa kwa ukame na waliokufa kwa uzee? Kwa mahali walipo. Ukame haubagui vizazi: unaua vya juu na vingine vidogo vya pembeni ambavyo havikuwahi kukua. Ukiona vinundu vidogo vya kijivu, saizi ya punje ya uwele, kwenye mizizi ya pembeni iliyo karibu na uso wa udongo, hao ni wa Februari. Na ukiona vidogo vyeupe au vya waridi kwenye mizizi mipya, hao wamezaliwa baada ya mvua kurudi. Nadhani utawaona, kwa sababu umesema baadhi ni vyekundu.

Una bahati pia kwamba ulipanda karanga, si soya. Mwaka 1995 Thomas Sinclair na Rachid Serraj walionyesha katika jarida la Nature kwamba mimea inayosafirisha naitrojeni kutoka kwenye vinundu kwa umbo la ureidi, soya ikiwemo, huathirika na ukame mapema kuliko inayosafirisha kwa umbo la amidi (ureidi na amidi ni aina mbili za misombo yenye naitrojeni). Kwenye soya iliyokaukiwa, ureidi hurundikana na kuwa ishara ya kuzima kazi. Karanga hutegemea zaidi amidi. Tena seli za vinundu vyake zina matone ya mafuta, kitu ambacho si cha kawaida kwenye vinundu vya mikunde mingine, na yameonekana kukisaidia kinundu kuendelea na kazi kwa muda majani yanaposhindwa kuleta sukari. Bakteria nao hubadilika humo. Aina ileile ya bakteria ambayo ndani ya kunde hubaki na umbo la kijiti, ndani ya karanga huvimba na kuwa duara kubwa, na kila mmoja huzalisha zaidi. Mimi naona karanga haijapewa heshima yake katika somo hili. Vitabu vimeandikwa kwa soya na luzerne (alfalfa), na wakulima wetu wakasomeshwa mazao ya watu.

Wapo watakaokukumbusha kwamba Kongwa ndipo Waingereza walipoanzisha ule mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951 baada ya kuzika mamilioni ya pauni. Mradi ule uliangushwa na mvua isiyotabirika, udongo uliogeuka mgumu wakati wa kiangazi na mitambo isiyofaa. Vinundu havikuwa na kesi. Karanga, njugu mawe na kunde hushirikiana bakteria wa kundi moja, na ardhi ambayo imelimwa njugu mawe na kunde miaka yote haikosi bakteria hao. Soya ndiyo mara nyingi huhitaji kuchanjwa mbegu kabla ya kupandwa.

Rangi nyeupe nayo niigusie, hukuitaja lakini utaikuta. Kinundu cheupe ni kichanga ambacho bado hakijaanza kazi, au kimejaa bakteria wasio na faida. Tofauti utaiona kwa umri: wiki ya tatu weupe ni wa kawaida, wiki ya nane kinundu kikubwa cheupe ni mkazi asiyechangia. Mmea hauwavumilii hao. Mwaka 2003 Toby Kiers na wenzake walikuza soya na kuzungushia vinundu hewa ambayo naitrojeni yake ilikuwa imeondolewa na kuwekwa gesi ya agoni, ili bakteria wasiweze kuzalisha hata wakitaka. Bakteria wa vinundu hivyo waliongezeka kwa takriban nusu tu ya wenzao waliokuwa wakizalisha, na dalili zilionyesha kwamba mmea ulikuwa umewapunguzia oksijeni. Kwa hiyo kuna uzee wa aina ya tatu, wa adhabu, unaokuja mapema kwa sababu kinundu hakikuleta kitu. Ukikuta mashina mengi yenye vinundu vingi vidogo, vyeupe au kijani tangu mapema, na majani yana umanjano, hapo ndipo pa kufikiria chanjo ya mbegu msimu ujao, au upungufu wa fosforasi. Fosforasi ikikosekana vinundu huwa vichache na dhaifu, na kwa hilo mbolea ya fosforasi kama Minjingu au TSP wakati wa kupanda inasaidia kuliko mfuko wowote wa urea.

Kabla ya kuamini rangi yoyote, hakikisha unachokitazama ni kinundu kweli. Minyoo fundo nayo inafanya mizizi ivimbe. Kinundu kimebandikwa ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa kidole gumba kinachomoka na mzizi unabaki mzima. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa, hautoki bila kuuvunja, na ndani haujawahi kuwa mwekundu. Na usiling'oe shina kwa kuvuta, vinundu vitabaki ardhini na utadhani havikuwepo. Chimba kwa jembe umbali wa shubiri moja kutoka shinani, inua bonge lote, lioshe taratibu kwenye ndoo, pasua vinundu kwa wembe papo hapo na utazame mara moja, kwa sababu hata kile chekundu kikikaa hewani kitabadilika kuwa kahawia. Fanya hivyo kwa mashina kama kumi ya sehemu mbalimbali, siyo ya pembeni mwa shamba tu.

Sasa urea. Naitrojeni ya mbolea inapofika kwenye mizizi, hasa ikiwa imeshageuka kuwa naitreti, mmea hauoni tena sababu ya kulisha vinundu. Ndani ya siku chache kazi yake inashuka, leghemoglobini inapungua, na ukiendelea unapata kile kile cha kijani na kijivu ulichokuwa unakikimbia. Yaani dawa ingemaliza hata vile vyekundu ulivyobakiwa navyo. Siku ya 78 hata mmea ukiipokea urea, utaitumia kuchipua majani wakati unatakiwa kujaza mbegu. Na mvua ikikata baada ya kuimwaga juu ya udongo, sehemu yake itapaa hewani kama amonia kabla haijafika mzizini. Ningekubali naitrojeni kidogo kwa karanga katika hali moja: wiki za mwanzo, majani ya manjano, umechimba na hukukuta vinundu kabisa. Wewe hukuwa huko.

Kitu cha kufanya sasa ni kulinda maji yaliyopo. Palizi isiyogusa maganda, na kama una matuta, funga mifereji yake kwa vizuizi vya udongo kila hatua chache ili mvua za Machi zisitiririke kuelekea korongoni. Kinundu cha karanga kinachopata unyevu mwezi huu bado kina kazi ya kufanya.

Nije kwenye upande usiofurahisha niliouahidi. Ile sentensi ya kwamba "karanga inaacha naitrojeni shambani" ni nusu ya kweli. Kama nilivyosema, vinundu vinapozeeka mmea unavifyonza na kupeleka mali juu. Kinachobaki kwenye ganda la kinundu na mizizi ni kidogo. Sehemu kubwa ya naitrojeni iko kwenye mbegu, ambazo utaziuza au kuzila, na inayofuata iko kwenye majani na mashina. Desturi yetu ya kung'oa shina zima, kulirundika nyumbani, kupukuchua maganda pale uani na kuwaachia mbuzi majani, inamaanisha karibu naitrojeni yote imetoka shambani kwa mguu. Hesabu ya shamba inaweza hata kuwa hasi: udongo ukawa maskini kuliko ulivyokuwa kabla ya karanga, kwa sababu siyo naitrojeni yote ya karanga ilitoka hewani, nyingine ilitoka ardhini.

Tazama kiasi. Majani na mashina makavu ya karanga yana naitrojeni ya takriban asilimia 1.5 hadi 2. Tani moja yake imebeba kilo 15 hadi 20. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Ukitoa tani moja ya majani shambani umetoa kitu kisicho mbali sana na mfuko wa urea, halafu msimu unaofuata unauliza kwa nini mtama umedumaa.

Siwezi kukwambia uwanyime mbuzi. Mwezi wa Septemba huko Kongwa majani ya karanga ni chakula kizuri kuliko mabua ya mtama, na mbuzi naye ni akiba. Lakini njia zipo mbili. Ya kwanza, pukuchua maganda shambani na uyaache majani hapohapo, uyatandaze, na uzungumze na wenye mifugo wa jirani kabla hawajayaona. Ya pili, walishe nyumbani lakini samadi irudi kwenye eneo lile lile, siyo kwenye bustani ya nyuma ya nyumba tu, na iwe imefunikwa wakati wa kiangazi isipigwe jua. Kwa njia ya pili utapoteza kiasi, hasa kupitia mkojo usiokusanywa, lakini utabaki na kitu.

Kuhusu mtama, muda wa kupanda ndio utakaoamua kama utaipata naitrojeni hiyo. Kuanzia Mei hadi Novemba udongo wenu ni mkavu kiasi kwamba vijidudu vya kuozesha masalia vinafanya kazi kidogo sana. Mizizi na maganda ya vinundu vilivyokufa vinakaa palepale karibu bila kubadilika. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya udongo uliokauka hivyo, vijidudu vinaamka kwa kishindo na naitrojeni inaachiwa kwa wingi katika muda mfupi. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki, Muguga nchini Kenya, na H. F. Birch, aliyechapisha kazi yake mwaka 1958, na wanasayansi wa udongo duniani kote hadi leo wanaliita kwa jina lake. Wimbi hilo halimsubiri mtu. Kwenye kichanga, mvua mbili tatu kubwa zinaishusha naitreti chini ya mizizi michanga, na magugu yanakula inayobaki.

Kwa hiyo shamba hilo la karanga ndilo la kupandwa mtama kwanza, kabla ya mengine yote, hata kwa kupanda kwenye vumbi mwishoni mwa Novemba ikiwa umezoea kufanya hivyo. Kama unaberega tu bila kulima, usiyachome masalia kwanza. Sukuma majani kando kwenye mistari ya mbegu, kisha yarudishe. Palizi ya kwanza iwe mapema sana.

Na ukiona msimu huu majani ya karanga yamejaa yale madoa ya kahawia na meusi, usiogope kuyaacha shambani kwa sababu hiyo, maana mtama hauambukizwi na ukungu huo. Usirudishe karanga palepale mwakani, na usihamishie majani hayo kwenye shamba jingine unalotaka kupanda karanga.